Gramu Tisini

Saa tano usiku, Nakuru, ghorofa ya tatu
juu ya duka la dawa za mifugo.
Vumbi la magadi limepanda kutoka ziwani
likatua kwenye kioo kama unga.
Toleo la nne nukta mbili liko tayari.
Linangoja sahihi yangu na ya Okwemba,
na Okwemba yuko Vihiga, anamzika shangazi yake.

Mkurugenzi amepiga simu mara tatu.
"Akutajie namba yake ya siri, Chelang'at, utie sahihi zote mbili.
Nani atajua?"

Mizani hazitajua, hilo kweli.
Mizani mia mbili na kumi, kutoka Molo hadi Olenguruone,
zitaamka alfajiri, zilisome toleo herufi kwa herufi,
zilisage lote liwe alama moja fupi,
zilinganishe na ile tuliyoitia muhuri.
Koma moja ikihama, zinagoma,
kama ng'ombe anayemjua mkamuaji wake
akambania mgeni maziwa.
Lakini muhuri ukiwa halali, hazina swali.
Haziulizi kama chumbani tulikuwa wawili.

Ngoja nikwambie habari za kidole cha mama.

Mauche, mwaka wa kiangazi kirefu.
Karani wa ushirika, Sigilai, alifungua daftari,
akamwonyesha mahali,
na mama, asiyejua a wala be,
akachovya dole gumba katika wino wa zambarau, akabonyeza.
Nafasi ya kilo ilikuwa tupu.
Sigilai aliijaza baadaye, kwa kalamu yenye njaa.
Mwisho wa mwezi mama alipolalamika
alionyeshwa kidole chake mwenyewe.
"Hiki si chako?"
Kilikuwa chake. Mikunjo yote, hata kovu la panga.
Alirudi nyumbani akakisugua kwa jiwe
mpaka kikachubuka.

Ndiyo maana nikaipenda kazi hii:
sahihi isiyokaa chini ya maneno ikisubiri kusalitiwa,
bali iliyosukwa ndani yao,
chomoa ukindu mmoja, mkeka wote unafumuka.
Hakuna Sigilai wa kuongeza nukta nyuma yangu.

Nilijivunia hilo miaka minne.

Wiki jana ikaja barua kutoka Keringet,
mwandiko wa mtoto wa shule, kwa niaba ya bibi yake, Tapsubei:
*Kwa nini ndoo yangu huishia mia kamili kila siku?*
Nikalifungua toleo la zamani.
Sahihi safi. Hakuna aliyeligusa.
Na humo ndani, mstari wa mia tatu na sita, mkono wangu:
gramu zisizotimia mia, kata.
Hamsini leo, kesho tisini,
asubuhi na jioni, kwa kila ndoo.

Hapakuwa na mwizi.
Muhuri ulililinda kosa langu
kwa uaminifu uleule ambao ungeilinda haki.
Sahihi haisemi, hiki ni kweli.
Husema tu, hiki ni changu.

Kwa hiyo, mkurugenzi, hapana.
Okwemba atarudi Jumatatu, kichwa kimenyolewa,
ataketi hapa, asome mistari kumi na saba niliyobadilisha,
aulize maswali yake ya kuudhi,
ndipo achomeke ufunguo wake kando ya wangu.
Najua bei ya kungoja. Siku tatu zaidi
za gramu zinazodondoka gizani.
Nimeziingiza kwenye hesabu.

Maana nimeanza orodha ya wanaotudai.
La kwanza: Tapsubei, Keringet, ndoo mbili,
siku mia sita na kumi na mbili.
La pili sikuhitaji kulitafuta.
Mauche. Ndoo moja, ile ya bluu, mpini umefungwa kamba.
Siku hizi hachovyi wino.
Huweka ndoo juu ya mizani, husikia mlio,
huniambia kwenye simu,
"Hii yako haidanganyi."